Fomu ya Kuazima Viti

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Shirika la Utangazaji lilitoa tangazo. Lilisomwa mara tatu redioni na mara nne kwenye televisheni, na nakala yake ikabandikwa hata kwenye mlango wa choo cha wafanyakazi, ili asitokee mtu wa kusema hakupata habari. Tangazo lilisema kwamba baada ya miaka ishirini na miwili ya wananchi kutazama watu wasiowajua wakigombana kwa lugha wasizozielewa, filamu za zamani za kifamilia sasa zinarudi hewani. Zitaonyeshwa kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni, bure, kwa yeyote mwenye televisheni, umeme na familia.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta kamati.

Mtu mmoja wizarani aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwamba filamu ya kifamilia itajulikanaje kuwa ni ya kifamilia. Hakuna aliyekuwa na jibu, na serikalini jambo lisilo na jibu hupewa wajumbe saba. Basi ikaundwa Kamati ya Kuthibitisha Ufamilia wa Filamu. Ikapewa Mwenyekiti, Katibu, mhuri wa duara, na chumba chenye pazia zito ghorofa ya tatu. Kazi yake ilikuwa kuzitazama filamu kabla ya wananchi, na kuondoa chochote ambacho kingeikuta familia haijajiandaa.

Filamu zenyewe zilikuwa chini kabisa, ghalani, kwa Bibi Ghala.

Bibi Ghala alikuwa amestaafu mara tatu. Kila mara alipewa hotuba na saa ya ukutani, na kila mara, baada ya wiki mbili, gari la ofisi lilisimama mlangoni kwake, dereva akashuka na kusema kwa aibu, "Bibi, wanauliza ile ya ng'ombe iko kopo gani." Maana lebo za makopo aliziandika mwenyewe, kwa akili yake mwenyewe. Ile ya ng'ombe. Ile ya mvua. Ile tuliyolia wote. Mara ya tatu alirudi kazini asiondoke tena. Saa zake akazitundika ghalani, na kila moja ilionyesha wakati wake.

Kazi yake ilikuwa moja. Kila mwezi alitoa kila mkanda koponi na kuuzungusha kwa mkono, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho, ili usigandane. Aliwaambia watu kwamba filamu ni kama mgonjwa wa kitandani, asipogeuzwa anatoka vidonda. Alikuwa amewageuza wagonjwa wake miaka thelathini na mmoja.

Kopo moja lilikuwa na lebo inayosema tu: Ile ya bomba. Ilikuwa hadithi ya mtaa unaosubiri kufunguliwa bomba la maji, na ndiyo iliyochaguliwa kuanza. Wakati inapigwa picha, Bibi Ghala alikuwa binti mdogo, fundi cherehani wa waigizaji, na alikuwa na miezi minne tu katika ndoa. Yeye na mumewe walikuwa wakilala kwenye mkeka. Asubuhi moja mumewe, mchukuzi wa mizigo, alinunua godoro, akalitia kichwani, akakatiza barabara kulipeleka nyumbani bila kujua kwamba pale palikuwa na kamera. Mwongozaji alifungua mdomo amfukuze, halafu akasema, "Mwacheni. Anatembea kama mtu mwenye furaha."

Zilikuwa sekunde kumi na moja. Mtu yule alifariki kabla wajukuu hawajazaliwa. Picha zake zilizobaki nyumbani zilikuwa mbili, na zote amekaa.

Jioni ya siku ya tangazo, Bibi alikuwa anapandisha pindo la sare ya mjukuu wake wa miaka minane, ambaye kwa utani wao alimwita Mke Mwenza.

"Bibi, kwa nini mimi natembea hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hivi." Msichana akatembea kutoka mlangoni hadi kabatini. Mguu wa kushoto ulitazama nje kama unaotaka kwenda kwingine, na bega likaufuata ili usipotee.

"Huo ni mwendo wa mume wetu."

"Wanasema ni wa bata."

"Nani wanasema?"

"Darasa zima. Hata wale wa nyuma wanaosinzia."

Ilikuwa wiki ya tatu hatoki kucheza. Akitumwa dukani alisimama kwanza dirishani, akangoja barabara iwe tupu, ndipo akatoka mbio, maana akikimbia mguu haukuonekana sana. Mama yake alidhani mtoto amekuwa hodari wa kutumwa. Bibi alikuwa ameona, akawa anamtuma mara chache.

"Babu alitembea hivi kweli, au unanibembeleza?"

"Mimi nakubembeleza lini?"

"Kila siku."

Hilo lilikuwa kweli. Bibi akaichomeka sindano kwenye pindo. "Basi Jumamosi, saa kumi na moja, utamwona kwa macho yako. Na hao wa darasani wamwone pia."

"Kwenye televisheni?"

"Mume wetu mzima, na godoro lake."

Kufika Jumanne mchana, darasa zima lilikuwa na habari, wakiwemo wale wanaosinzia.

Jumatano Bibi Ghala aliitwa ghorofa ya tatu na kopo lake, mkasi wake na glavu zake nyeupe. Lifti ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wajumbe, basi alipanda ngazi. Karani wa kamati, baba wa mapacha wachanga, ambaye uso wake ulisema wazi kwamba hajalala vizuri tangu wazaliwe, alishuka kumpokea kopo katikati ya ngazi. Tena alikuwa ameshaweka mto kwenye kiti cha Bibi.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, nadhifu, mwenye masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Alikuwa na namna yake ya kuzungumza. Kwanza alivuta kola ya koti kwa mikono miwili. Kisha aliinua kidole. Mwisho alifumba macho, kama anayesikia makofi kutoka mbali.

"Ndugu wajumbe," alisema, akavuta, akainua, akafumba. "Familia ni taasisi nyeti. Ni wajibu wetu kuijengea mazingira wezeshi ya utazamaji shirikishi. Washa."

Mkanda ukaanza kuzunguka. Dakika ya pili, mke katika filamu alimwuliza mumewe ametoka wapi saa zile.

"Simamisha," alisema mjumbe aliyeitwa Mama Maadili. "Swali hili litaibua maswali majumbani."

"Liondolewe," alisema Mwenyekiti.

"Na jibu?" aliuliza Katibu. "Mume anajibu hapo, anasema alikuwa kwa fundi viatu."

Wajumbe walilipima jambo hilo. Iliamuliwa kwamba jibu likibaki bila swali litatia wasiwasi zaidi. Likaondolewa nalo.

Kuku akapita sebuleni. Mjumbe mmoja akataka kujua kama kuku yule ni wa familia ile au ni wa jirani. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, basi kuku akaenda. Baba akacheka chakula kikiwa mdomoni, na kicheko kikaenda pamoja na chakula. Kila mara Bibi Ghala alikata taratibu, akakitia kipande kwenye bahasha, akaandika nambari.

Ndipo barabara ikatokea, na mtu akaingia kutoka kushoto, godoro kichwani.

"Simamisha hapo," alisema Mama Maadili. "Huyu mwanamume anapeleka wapi godoro?"

Wajumbe walisogeza viti mbele.

"Mchana kweupe," Katibu akaongeza.

"Na anatabasamu," alisema mjumbe mwingine, kwa masikitiko.

Bibi akanyoosha mkono. "Anapeleka nyumbani, waheshimiwa."

"Umejuaje?"

"Nyumbani kwenyewe ni kwangu. Huyo ni mume wangu."

Wajumbe wakamtazama Bibi, wakatazama godoro, wakamtazama tena Bibi.

"Cheti cha ndoa kipo?" aliuliza Katibu.

"Kipo, kabatini."

"Na stakabadhi ya godoro?"

"Ya miaka arobaini na mitano, baba?"

"Basi hatuna uhusiano uliothibitishwa kati ya mtu huyu, godoro na familia," Katibu alisema huku akiandika.

Mwenyekiti alimweleza Bibi kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Mtoto akiliona lile godoro atauliza linakwenda wapi. Mzazi atakosa jibu. Nyumba ikishakosa jibu, itaiuliza serikali. Sekunde kumi na moja hazikuwa na thamani ya usumbufu huo. Ziondolewe.

Bibi alishika mkasi, akauweka chini, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Karani akaangusha kalamu yake chini ya meza, akaitafuta kwa muda mrefu kuliko inavyotafutwa kalamu, ili pawe na mtu mmoja chumbani asiyemtazama. Kisha Bibi akakata.

Mwisho wa filamu ulikuwa ufunguzi wa bomba. Afisa mnene alisimama mbele ya watu akahutubia, na nyuma yake palikuwa na mtoto wa miaka mitano, pekupeku, masikio yamesimama. Afisa alivuta kola ya koti. Mtoto akavuta kola ya koti asilokuwa nalo. Afisa akainua kidole, mtoto naye akainua. Afisa akafumba macho, na mtoto akafumba ya kwake akayumba kwa utamu. Watu wote kwenye filamu wakawa wanacheka, afisa akidhani wanafurahia maji. Bomba likafunguliwa, likakohoa, halikutoa kitu.

Mwenyekiti alisimama. Akavuta kola. Akainua kidole. Akafumba macho.

"Hii ni dhihaka kwa mamlaka halali," alisema. "Mtoto huyu hakulelewa. Ningependa kujua mzazi wake ni nani."

Wajumbe sita walitazama ukutani, wakamtazama Mwenyekiti, kisha kila mmoja akagundua kwamba ana jambo la haraka la kusoma kwenye daftari lake.

Bibi Ghala alikuwa amemtambua tangu siku Mwenyekiti alipoajiriwa. Kaptula ya mtoto yule aliitia mpira mara mbili, kwa sababu ilikuwa ikimwanguka akikimbia. Akaona ni vizuri mtu asijitukane bila kujua.

"Mheshimiwa, kuhusu huyo mtoto..."

"Bibi, mtunza ghala hajibu asipoulizwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Taa ziliwashwa kabla majina ya waigizaji hayajapanda, na filamu ya saa moja na nusu ikabaki dakika kumi na tisa, na nyingi kati ya hizo zilionyesha mlango.

Hapo likatokea tatizo la kiutaratibu. Hapakuwa na fomu ya kukata filamu. Katibu alieleza kwamba bila fomu, kilichokatwa kinahesabika kimechanika tu, na kuchanika ni uzembe. Makabati yakapekuliwa. Fomu iliyokaribiana zaidi na jambo lenyewe ilikuwa ile ambayo wafanyakazi hujaza wakiazima viti vya ofisi kwa shughuli zao. Basi Katibu akalifuta neno "viti" kwa rula, akaandika juu yake "vipande vya filamu, thelathini na vinane", wajumbe saba wakatia sahihi, Mwenyekiti wa kwanza, na mhuri wa duara ukagongwa mara mbili.

Bibi aliisoma fomu ile ghalani, chini ya saa zake tatu. Alikuwa msomaji wa taratibu, anayefuata mstari kwa kidole. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilisema: *Kilichotolewa kirudishwe mahali pake pale pale kilipotolewa, kikiwa safi na bila kuvunjika, kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa. Mtunza ghala atawajibika.*

Aliisoma mara ya pili. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa hila, Alhamisi akapanda ngazi kwenda kuuliza. Alimkuta Mwenyekiti mbele ya kioo, akijizoeza hotuba ya ufunguzi.

"Mheshimiwa, fomu hii niifuate?"

"Bibi, umefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na bado unauliza kama fomu ifuatwe?" Kidole kilikuwa juu tayari kwa sababu ya kioo. "Fomu ndiyo serikali."

"Hata yale maandishi madogo ya chini?"

"Hasa ya chini."

"Ahsante, Mheshimiwa."

Ijumaa Bibi Ghala hakwenda kula mchana. Alifuta vipande thelathini na vinane kwa kitambaa laini, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake kwa utepe wa kuungia. Swali likarudi kwa mke na jibu kwa mume. Kuku akapata sebule yake. Godoro akaliunga kwa utepe mpya kabisa, akapitisha kidole mara mbili kwenye kiungo. Mojawapo ya saa za ukutani ilipogonga saa kumi, nyingine ilikuwa bado saa tisa na robo, na ya tatu ilishapita jioni. Akafuata ile ya kwanza, ambayo kwa kawaida haidanganyi sana.

Fundi mitambo alipokuja kuchukua mkanda auhamishie kwenye kompyuta, alilipima kopo mkononi.

"Bibi, mbona zito? Nimesikia mmebakiza mlango."

Bibi akampa fomu. Fundi akasoma sahihi saba, mihuri miwili na maandishi madogo. Akakuna kichwa.

"Haya. Mimi nani?"

Jumamosi saa kumi na nusu, sebule ya Bibi ilikuwa imejaa. Binti yake na mkwewe walikaa kwenye kochi, majirani kwenye viti walivyokuja navyo, na sakafuni wanafunzi tisa wa darasa la Mke Mwenza, miguu wameikunja. Mbele kabisa alikaa msichana mmoja mwenye mdomo mwepesi, aliyelianzisha jina la Bata. Bibi ndiye aliyemwita mbele. Alisema nyuma hataona vizuri.

Mke Mwenza hakukaa. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Kama hayumo?" alimnong'oneza Bibi.

"Yumo."

"Lakini kama wamemtoa?"

"Walimtoa. Amerudi."

Saa kumi na moja kamili Mwenyekiti alitokea mubashara studioni. Alivuta kola, akainua kidole, akafumba macho, akawahakikishia wananchi kwamba kila walichokaribia kukiona kimethibitishwa. Ikaanza filamu.

Mke alipomwuliza mumewe ametoka wapi, sebule nzima ilicheka, na jirani mmoja akamtazama mumewe kwa muda. Kuku alipopita, mkwe alisema yule ni wa jirani, anaonekana. Kisha barabara ikatokea.

Mtu aliingia kutoka kushoto. Godoro lilimfunika hadi nyusi, kwa hiyo uso ulikuwa tabasamu tu. Mguu wa kushoto ulitazama nje kama unaotaka kwenda kwingine. Bega likaufuata.

Mke Mwenza alikuwa ameshaondoka mlangoni. Alisimama karibu na kioo cha televisheni, kidole hewani.

"Bega," alisema. "Oneni bega."

"Anatembea kama wewe," alisema msichana mwenye mdomo mwepesi.

"Si yeye. Mimi ndiye natembea kama yeye."

Msichana akafikiri kidogo. "Godoro halianguki," alisema, na ilikuwa wazi kwamba amelihesabu kama jambo kubwa.

Bibi alikuwa amezitazama sekunde zile miaka thelathini na mmoja, picha moja moja, mkononi, kwenye mwanga wa taa. Hakuwahi kuzitazama na watu. Binti yake akampa leso bila kugeuka.

Halafu akaja afisa wa bomba, na nyuma yake mtoto. Sebule ilicheka, ikapunguza, ikanyamaza. Mkwe akainuka nusu kwenye kochi.

"Jamani. Si ndiye huyu aliyekuwa anahutubia sasa hivi?"

"Hapana bwana, huyo ni mtoto."

"Tazama masikio."

Walitazama masikio. Na mwisho wa filamu, majina ya waigizaji yalipopanda, mtoto wa nyuma ya afisa alitajwa kwa majina yake yote matatu, sawasawa na yalivyoandikwa kwenye mlango wa ofisi ghorofa ya tatu.

Picha iliporudi studioni, Mwenyekiti alikuwa anatazama glasi yake ya maji. Mtangazaji, ambaye kwa taratibu alipaswa kupokea simu za watazamaji, akapokea.

"Karibu, uko hewani."

"Ahsante mwanangu," ilisema sauti ya mama mzee. "Mimi ndiye niliyemzaa huyo mtoto."

"Yupi, mama?"

"Wa kwenye filamu. Na huyo uliyekaa naye. Siku hiyo alikataa viatu. Na wasije wakasema nilimfundisha, hapana. Alikuwa akimwona afisa tu, anaanza. Nikamwambia, wewe utaacha lini? Mpaka leo nangoja."

Mtangazaji akauma mdomo. "Una ujumbe kwa Mwenyekiti, mama?"

"Apite kula. Na yule dada wa cherehani, kama bado yupo, amsalimie. Alimtilia mpira kaptula mara mbili na hakumfinya."

Jumatatu iliundwa kamati ya kuchunguza nani amerudisha vipande. Ilikuwa kamati makini, ikamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Taarifa yake ilisema kwamba vipande vyote vilirudishwa kwa agizo la wajumbe saba, kwa wakati, vikiwa safi na bila kuvunjika, jambo ambalo kwa viti halijawahi kutokea tangu Shirika lianzishwe. Ikapendekeza Bibi Ghala apewe saa ya ukutani. Na kwa kuwa wananchi walipiga simu mpaka laini zikazidiwa, filamu ya bomba itaonyeshwa tena Jumamosi ijayo, na inayofuata, hadi watakapotosheka.

Mwenyekiti alishuka ghalani siku hiyo alasiri. Hakuwahi kufika huko. Karani alikuja nyuma yake na mhuri. Bibi akampangusia Mheshimiwa kiti.

"Ndiwe dada wa cherehani?" aliuliza, akitazama makopo.

"Ndiye mimi."

"Mama anakusalimu."

"Salamu zimefika. Nawe ulikuwa mtoto mzuri, ila mbio tu."

Mwenyekiti alikaa, kama mtu aliyeshika kitu cha zamani mfukoni. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akasimama.

"Kile kipande cha mtoto kiondolewe. Mara moja. Nimekuja na fomu."

Bibi alivaa miwani. Ilikuwa Fomu ya Kuazima Viti. Nyingine ilikuwa bado haijachapishwa, kamati yake ilikuwa haijateuliwa. Akaisoma yote, toka juu hadi chini, kwa kidole.

"Sawa, Mheshimiwa. Kitatoka sasa hivi."

"Vizuri."

"Na Ijumaa, kabla ya saa kumi, kitakuwa kimerudi."

Mwenyekiti alivuta kola ya koti. Wakati huo Mke Mwenza alikuwa ameingia kutoka shule, mkoba mgongoni, mguu wake na bega lake, na amekuja kwa barabara kubwa, katikati ya watu wote. Akasimama kati ya rafu za makopo, nyuma ya Mheshimiwa. Akavuta kola ya sare.

Mwenyekiti akainua kidole. Msichana akainua. Mwenyekiti akafumba macho, na msichana akafumba ya kwake, akayumba kwa utamu.

Karani aligeuka kuchunguza dari. Bibi Ghala aliona yote. Lakini mtunza ghala hajibu asipoulizwa, basi akainama juu ya fomu, akatia sahihi.